Marehemu Aliyewasha Gari

Mliniacha wiki iliyopita nimelala chali chini ya gari la watu, gauni langu la kutokea likifyonza vumbi, na tone jeusi la oili limening'inia juu ya pua yangu likipima pa kuangukia.

Lilichagua jicho.

Kwa aliyefungia nyanya gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni fundi cherehani. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniachia chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya sokoni, pamoja na cherehani yake, meza ya kukatia na jina zuri. Jina zuri nimeshalipunguza kidogo, kama mlivyosoma katika kisa cha sare za shule zilizotoka na mikono miwili ya kushoto. Chumba bado kipo.

Safu ile haina hati wala mhuri. Ina ufunguo tu. Mimi hufungua kwa ufunguo wa kuchonga, lakini ule wa asili, wenye uzi mwekundu, mama alimwachia kaka yake, anayeuvaa shingoni, na majirani wote wanaujua. Atakayefungua mlango kwa ufunguo ule mbele yao ndiye watakayemwita mwenye chumba, na hapo hata ukija na malaika wa kukutetea umechelewa.

Kaka yake huyo ndiye Mjomba wangu, fundi magari mstaafu. Alistaafu siku ile gari alilolitengeneza lilipoondoka lenyewe na kupita juu ya kisanduku chake cha spana.

Na mchumba wangu mnamfahamu. Mjomba alimpa jina la Ngongoti siku ya kwanza alipoinama kuingia kwetu na bado akagonga kichwa. Ni yeye aliyekuja na wazo: tubadilishane chumba cha mama na gari la porini, lile la kupanda milima na kuvuka mito, linalotolewa na mjane mmoja. Tutabeba saruji, wagonjwa na maharusi kule juu ambako magari madogo hulia na kurudi. "Cherehani haitembei," aliniambia. "Gari linatembea." Maneno ya namna hiyo husemwa na mtu anayejua kwamba anapendwa.

Juzi muuza vitunguu mmoja alinishika mkono akaniambia anasoma visa vyangu kila wiki, na kwamba nimwache huyo mwanamume. Nikamjibu asome taratibu, maana mimi mwenyewe sijafika huko.

Sasa turudi chini ya gari.

"Imekuingia?" aliuliza Mjomba, aliyelala kando yangu kwenye kipande cha boksi, raha mustarehe, kama mtu aliye kitandani kwake.

"Imeniingia."

"Vizuri. Ujue hiyo ni mbichi."

Akanifundisha, nami nawafundisha bure. Oili ya zamani iliyoshikana na vumbi ni kovu: kidonda kilikuwepo, kikapona. Oili inayong'aa ni kidonda chenyewe. Lakini injini ambayo haina hata alama, safi kama sahani ya wageni, hiyo imeogeshwa. "Na anayeogeshwa kabla ya kuonyeshwa watu," alisema Mjomba, "ni maiti."

Injini ile ilinukia mafuta ya taa mpaka kichwa kiliuma.

Tena pale gari liliposimama palimwagwa mchanga mpya mweupe, katika ua ambao kote kwingine ni udongo mwekundu. Mjomba akaupekua kwa kidole. Chini yake palikuwa peusi, pamelowa, pamenata. Akanitazama kama daktari aliyekuta ugonjwa anaoupenda.

Mjane alikuwa ameketi barazani, kajitanda mtandio mweusi wa maombolezo. Mimi ni fundi wa nguo. Sikuweza kujizuia kuona kwamba mikunjo ya dukani bado haijanyooka. Alisema marehemu alilipenda gari hilo kuliko chakula. Akajifuta macho makavu. Nikamwonea huruma. Nilidhani machozi yamemwishia.

Ngongoti yeye alisimama mbali, mikono mifukoni, karibu na lango.

"Mimi gari hili silijui," alisema. "Ndiyo kwanza nalitia machoni."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mjomba aligonga chesisi kwa spana, akanionyesha pale rangi nyeusi mpya ilipopakwa juu ya kutu kama poda juu ya chunusi. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye suruali yake, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa. Alifungua kifuniko cha juu ya injini kutazama kama kuna uji mweupe, maana uji mweupe maana yake maji yameingia kwenye oili, na hapo hufungi mkataba, unafunga safari. Uji haukuwepo. Alirudi chini, akafungua kizibo cha giaboksi, akaingiza kidole, akakitoa, akakisugua kwenye kidole gumba kutafuta vumbi la chuma. Kizibo akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Gia zina oili," akatangaza. "Imeungua kidogo, lakini ipo."

Wakati huohuo Ngongoti alisema kutoka langoni kwamba maishani hajawahi kuona mtu mwenye macho kama ya Mjomba, kwamba hayo si macho, ni eksirei. Mjomba akatoka chini ya gari upesi, asije akakosa sehemu iliyobaki.

Nikaambiwa niketi kwenye kiti cha dereva nikanyage breki, ili yeye achungulie kama inavuja magurudumuni.

Nikaketi. Nikanyoosha mguu. Haukufika.

Nikanyoosha tena, nikateleza mpaka kidevu kikawa sawa na usukani. Ncha ya kiatu ikagusa breki kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Mimi si mrefu, nakubali, lakini breki zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Nikatazama sakafuni. Kiti kilikuwa kimeng'olewa mahali pake na kurudishwa nyuma, kikafungwa kwa bolti kwenye matundu mapya. Matundu ya zamani yalikuwa wazi, yamejaa makombo.

Mtu wa kazi hana likizo. Futi yangu ya kupimia, ile ya kitambaa ninayoivaa shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, niliivua nikapima kutoka kitini mpaka kwenye breki. Nikaisoma. Nikaisoma tena.

Kipimo kile ninakijua. Nimekikata mara nyingi, kwenye kitambaa cha suruali, bila malipo, kwa mapenzi.

Nikajiambia: warefu ni wengi duniani. Marehemu naye labda alikuwa mrefu. Mtu akipenda huwa wakili wa kujitolea.

Ndipo kiganja changu kikapita juu ya kiraka cha kiti.

Kilikuwa kiraka cha turubai la kahawia. Mama alinifundisha kumalizia kila mshono mzito kwa mishono mitatu iliyolala upande kama mifupa ya samaki, ili kesho na keshokutwa mtu asije akaikana kazi yake wala kudai ya mwenzake. Sijawahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo. Wengine husema ni kupoteza uzi.

Mifupa ya samaki ilikuwepo. Mitatu. Imelala upande.

Turubai lile aliniletea Ngongoti mwenyewe. Alisema ni la kiti cha mama yake mzee, kile anachokalia juani. Nikalishona nikimwombea bibi yule maisha marefu. Nikatia hata sifongo ya ziada, mgongo usimuume.

"Unakanyaga au umelala?" Mjomba aliniuliza kutoka chini.

"Nakanyaga, Mjomba."

"Kanyaga kama mtu aliyekula."

Nikakanyaga kwa hasira, na hasira ina miguu mirefu. Mjomba akasema breki ni nzima.

Ikabaki kuliwasha. Mjane aliitwa, nikahamia kiti cha pembeni, akapanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata taa haikukonyeza. Mjomba akatikisa kichwa, akaanza kuokota spana zake na kuzifunga kwenye kitambaa. Betri imekufa, alisema, na mtu anayekuja kuonyesha gari na betri iliyokufa amekuja kuonyesha dharau. Twende zetu.

Mjane alimtazama Ngongoti. Ngongoti alitazama juu, kama mtu anayekisia mvua.

Mjomba alifunga fundo la kwanza. Akafunga la pili. Akaweka furushi begani.

Hapo mchumba wangu alishindwa kuvumilia. Akaja kwa hatua zake zile za korongo, akainama dirishani, akapitisha mkono wa kushoto chini ya dashibodi, nyuma kabisa, bila kutazama, kama mtu anayejikuna mgongoni mwake mwenyewe. Kitu kikalia mle ndani. Mkono wa kulia ukazungusha ufunguo.

Gari likanguruma. Moshi wa bluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika.

"Ndivyo marehemu alivyokuwa akiliwasha," mjane akasema kwa furaha, kisha akafunga mdomo.

Nilimtazama marehemu. Alikuwa mzima wa afya, shati nimempigia pasi mimi.

"Marehemu alikuwa mrefu?" nikauliza.

Mjane alimtazama tena Ngongoti. "Wa kawaida tu," akasema.

Ngongoti akaeleza haraka kwamba magari haya yote huwekewa swichi ya siri mahali hapo, ya kuwazuia wezi, kila mtu anajua. Mjomba, ambaye punde tu alikuwa ameizika betri, akasema ndiyo, kila mtu anajua, na kwamba kijana ana mkono wa heri. Akakataza gari lisizimwe. Alitaka kulisikiliza mpaka lichoke.

Nikashuka. Jicho langu moja lilikuwa linatoa machozi, lile lenye oili. Lingine lilikuwa linafikiri.

Mjane naye akashuka, akanishika bega kwa upole, akasema jicho hilo linataka maji, niende naye jikoni. Nikaenda. Nilitaka kuwa naye peke yake zaidi kuliko nilivyotaka maji.

Jiko lake lilikuwa dogo, safi, sufuria zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa gwaride. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye kamba ya nguo kulikuwa na suruali inayodondoka maji, ndefu hivi kwamba miguu yake ilikuwa karibu kufagia. Nilitambua pindo.

Marehemu yule bado alikuwa akifuliwa.

Mjane akafunga mlango wa kuelekea uani. Akavua mtandio mweusi, akaulowesha ncha, akanishika kidevu, akaanza kunifuta jicho.

"Tulia, wifi," akasema.

Wifi ni neno la mke kwa dada wa mumewe. Mimi sina kaka.

"Nisamehe kwa maigizo haya," akaendelea kwa sauti ya chini. "Nilimwambia kaka yako, kujiita mjane na mume yuko hai ni kumwonyesha Mungu njia. Akasema hakuna namna. Mjomba wenu hataki hata kusikia kwamba kaka yako ameoa mwanamke ambaye hakuchaguliwa na ukoo. Akijua chumba kinakuja kwangu hatakitoa. Basi leo mimi ni mjane wa watu, napita tu. Ufunguo ukishatoka, tutakuja kumpigia magoti mzee atusamehe."

"Tutakuja," nikarudia.

"Lakini wewe umepitiliza, wifi. Alisema unajua kila kitu na utasaidia. Ndiyo umelikagua gari la kaka yako kama polisi wa barabarani?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo ndilo lililoniudhi. Akaniambia atafungua saluni mle chumbani. Ukuta mmoja ataupaka rangi ya ndizi mbivu. Meza ya kukatia itafaa kuwekea vioo, iko kimo kizuri, alipita akachungulia dirishani siku moja nilipokuwa sipo. Akaniuliza mimi gari nitalifanyia nini. Kaka yangu alimwambia nalitaka kwa ajili ya mchumba wangu.

"Kaka amekuambia nini kuhusu mchumba wangu?"

Akakamua ncha ya mtandio kwenye beseni.

"Usikasirike, wifi. Anasema hafai hata kidogo. Mtu wa maneno matupu, hana mbele wala nyuma. Anasema akikumbuka unavyompenda, yeye kama kaka hapati usingizi."

"Hapo," nikasema, "kaka amesema kweli."

Akanipa maji ya kunywa. Nikanywa. Ukweli ulikuwa umenijaa mdomoni, lakini jamani, si rahisi kumbomolea mtu nyumba wakati amekushika kidevu. Hakuniibia yeye. Alikuwa ameketi barazani kwa ajili ya mume, amemzika mume, ili amfurahishe mume. Mimi nilimshonea kiti. Tulikuwa wafanyakazi wa kampuni moja, yeye wa kudumu, mimi kibarua.

Nilikuwa nimeanza kusema, "Dada, sikiliza," ndipo tukasikia sauti ya Mjomba ikipanda kule nje. Ninaijua sauti ile. Mjomba hupandisha sauti anapotoa hotuba, na hutoa hotuba anapotaka kutoa kitu.

Nikakimbia. Futi yangu niliiacha kwenye beseni.

Mjomba alisimama ubavuni mwa gari linalonguruma, kofia mkononi, furushi la spana ameliweka chini mbele ya gurudumu. Alikuwa anahesabu magonjwa yote kwa raha: moshi wa bluu, maana yake injini inakunywa oili yake yenyewe kama mlevi, kutu iliyopakwa poda, sili ya nyuma, ile ya kuzuia oili isivuje, iliyochoka, injini iliyoogeshwa. Lakini ugonjwa anaoujua yeye, alisema, si ugonjwa. Gari litafaa kwa kuwa yeye yupo. Kijana huyu amemwambia kwamba biashara ikianza hakuna mwingine atakayeligusa, na kwamba mlangoni wataandika: Mkaguzi Mkuu.

Tangu nilipokwenda jikoni, Ngongoti alikuwa amempaka Mjomba mafuta kwa mgongo wa chupa. Na Mjomba kwa mafuta ya namna hiyo hana sili hata moja.

Uzi mwekundu ulikuwa umeshavuka kichwa chake.

"Mjomba, usiutoe," nikasema.

"Nimeshatoa," akasema Mjomba.

Ufunguo wa mama ulikuwa kwenye kiganja cha Ngongoti, na vidole vyake virefu vilikuwa vinaufunika kimoja kimoja, taratibu, kama maua yanayolala.

"Mpenzi," aliniambia, "tumemaliza. Sasa ni mimi na wewe na barabara."

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Mwanamke alitoka akiwa kichwa wazi, mtandio amesahau, futi yangu mkononi. Kwa haraka ya kuniwahi alisahau pia kwamba yeye ni mjane.

"Wifi," akaita, "umeacha futi yako."



Mjomba alivaa kofia, akaivua tena. "Amekuitaje?"

"Ameniita wifi, Mjomba. Hajakosea, kwa jinsi alivyoelezwa."

Kisha nikamgeukia mchumba wangu. Mama aliniambia uzi ukishika fundo usiuvute, utafute mwanzo wake. Nikautafuta.

"Kaka," nikamwambia, "hebu mwonyeshe tena Mjomba, marehemu alikuwa anawashaje gari lake?"

Ngongoti aliufumbata ufunguo kwa nguvu zaidi.

Mwanamke yule alidhani mambo yameharibika kwa kosa lake. Akapiga goti moja mbele ya Mjomba pale pale kwenye mchanga mpya. Akamwomba asimkasirikie mtoto wa dada yake. Kosa ni lake yeye mke, alisema, atamheshimu kama baba mzazi, amsamehe kijana kwa kuoa bila kuuliza.

Mjomba alimtazama mwanamke. Akamtazama Ngongoti kuanzia viatuni mpaka juu, na safari ile ilichukua muda.

"Dada yangu," akasema, "alizaa mtoto mmoja tu. Huyu mfupi."

Mwanamke alibaki vile vile, goti chini. Niliona jambo likimwingia polepole, kama oili inavyoingia kwenye kitambaa, doa dogo kwanza, halafu linapanuka. Akageuza uso kwangu.

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni yule mwenye mchumba asiyefaa hata kidogo," nikamjibu.

Akamtazama mumewe. Mumewe alitazama lango, akatazama gari, akatazama kiganja chake.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu mrefu akikimbia. Hakimbii, anafika. Hatua mbili tu alikuwa kwenye kile kiti kilichorudishwa nyuma kwa ajili yake, kwenye kile kiraka nilichokitia sifongo mgongo usimuume. Gari halikuhitaji kuwashwa. Mjomba alikuwa amelihifadhi likinguruma. Likaruka, likapita langoni, likaacha moshi wa bluu na furushi la spana likiwa limelala bapa.

Ilikuwa mara ya pili katika maisha ya Mjomba gari kupita juu ya spana zake.

Tukakimbia mpaka langoni, sisi watatu. Gari lilikuwa limeshakata kona. Mwanamke alisimama karibu nami akihema, futi yangu bado ameishika, ameizungusha mkononi kama bendeji.

"Anakwenda wapi na gari letu?" akauliza. Kisha, kwa sauti nyingine: "Nguo zake bado ziko kwenye kamba."

Nilikuwa natazama chini.

Barabarani kulikuwa na mchirizi. Mweusi, mzito, matone makubwa ya kubandana, yanang'aa juani, yanaanzia pale langoni na kwenda. Mjomba naye aliyaona. Akainama, akachovya kidole, akakinusa. Uso wake ukabadilika. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akautoa, akafungua kiganja.

Kizibo cha giaboksi.

"Sikukirudisha," akasema. Mjomba wangu hajawahi kusema sentensi ya namna hiyo. Hata siku ile ya kisanduku cha kwanza alisema ni kosa la mlima.

Tukakitazama kile kizibo. Halafu Mjomba akaanza kutabasamu, akanyoosha mgongo, akapata tena urefu wake wote.

"Mwacheni," akasema. "Gia zitakauka, zitajitafuna zenyewe. Hatafika mbali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi."

Nikaufuata mchirizi kwa jicho langu zima. Ulikwenda moja kwa moja mpaka njia panda. Kulia ni barabara kuu, ya mtu anayekimbia watu. Kushoto ni soko, na saa ile majirani wa mama walikuwa wameketi kila mmoja mlangoni pake.

Matone yalikata kushoto.

"Ni fupi, Mjomba," nikasema, nikivua viatu. "Na chumba cha mama hakiko mbali."